Mawe Yaliyokataa Kukaa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mtoto mnaendelea vizuri huko kwa mama, na mgongo wa mama umetulia. Mimi ni mzima kupita kiasi. Kama hujasikia, sikia sasa: ule ukuta wa mji wa kale, uliojengwa kabla babu wa babu yetu hajaota jino, siku hizi hauwezi kusimama bila mimi. Fundi mkuu ana vyeti, mama mtaalamu wa mambo ya kale ana miwani mbili, lakini kichwa cha kazi ninacho mimi, niliyeiaga shule kabla haijaniaga. Usicheke, utamwamsha mtoto.

Kazi iko hivi. Sehemu ya ukuta karibu na lango ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu. Tukaibomoa taratibu, na kila jiwe fundi akaliandika namba kwa chaki, maana rangi inaliharibu. Tukayapanga chini ya turubai yakisubiri kurudishwa palepale yalipotoka, kwa chokaa. Ukimtajia fundi saruji anakutazama kama umemtukania mama yake.

Basi tulipoanza kuyarudisha, mawe yakakataa kukaa. Namba inasema hapa, jiwe linasema si hapa. Moja pana mno, jingine linacheza kama meno ya bibi. Fundi akasema kuna mtu ameuza mawe yetu na kutuwekea ya kuokota. Tangu siku hiyo hakuna anayemwamini mwenzake. Mchanganya chokaa anachungulia mkoba wa mpishi, mpishi anahesabu mizigo ya msukuma toroli, na wote wanacheka kwa meno tu.

Nikaanza upelelezi wangu, na jicho likamwangukia mumeo. Usinitukane bado. Shemeji ndiye mlinzi, funguo za lango anazo yeye. Saa ya chakula, wenzake wamejilaza kivulini, yeye amechuchumaa chini ya turubai anageuza mawe. Magoti yana vumbi la chokaa, na mlinzi na chokaa wapi na wapi? Siku moja nilipomsogelea akafunika kitu kwa koti, akaniuliza kama sina kazi. Nikajiambia, huyu bwana ndiye. Fundi aliponiuliza kama nimeona lolote nikamweleza yote, na chumvi kidogo juu.

Wamemsimamisha kazi. Akikupigia simu akasema yuko likizo, si likizo. Walipomhoji alinyamaza kama jiwe lenyewe, na sasa fundi anasema atampeleka polisi.

Jana nilitumwa kufagia chini ya turubai. Koti lake lilikuwa bado pale. Nilipoliinua nikakuta mawe machache yamepangwa ubavu kwa ubavu, kingo zimeshikana hata ukucha haupiti. Namba zake hazikufuatana hata kidogo. Nikampelekea koti nyumbani. Alilipokea, akalikung'uta vumbi, akasema, "Nilikuona siku ile na ndoo na brashi. Nilitaka yakae sawa kabla hawajakuuliza wewe."

Sikuweza kumwambia ni nani aliyemtaja. Nadhani anajua.

Dada, hakuna mwizi. Kabla hatujaanza kuyarudisha, siku wageni wakubwa walipokuwa wanakuja kukagua kazi, niliyasugua mawe kwa maji ili yang'ae nisifiwe. Chaki yote ikaenda na maji. Nikaziandika namba upya kutoka kichwani, kichwa hikihiki nilichokisifia hapo juu.

Mama mtaalamu ana picha za ukuta kabla ya kubomolewa. Akijua namba ni zangu, mawe yatarudi kwao. Asubuhi nitamwambia, fundi akiwepo. Nimeanza kukuandikia wewe kwa sababu nikishakuambia wewe, sina tena pa kujificha.

Nisalimie mama, mbusu mtoto, na umwambie baba yake hajaiba hata kokoto.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye brashi.