Mapera ya Siku Tatu

Ikonge, Nyamira
Jumatatu, 22 Desemba

Kwa wifi yangu mpendwa Bathsheba,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na watoto, na kwamba kazi ya uuguzi huko Nakuru haijakumaliza nguvu msimu huu. Huku kwetu mvua inanyesha kila alasiri, na majani chai yanaota kuliko mikono ya kuyachuma. Linda wetu alifunga shule akiwa nambari tatu na bado anajigamba. Ningependa kukuambia kwamba sote hatujambo, lakini hiyo itakuwa salamu ya uongo, na uongo umenitosha mwezi huu.

Najua utashangaa kuandikiwa barua siku hizi za simu. Simu zangu hushiki, wifi, na sikulaumu. Barua hii nimempa Anyona, yule anayeleta ndizi sokoni huko, nikamsihi akupe mkononi, asimwachie mtu.

Ujumbe wako wa mwisho nimeusoma hadi naujua kwa moyo. Ulisema ulimpeleka ndugu yako Ogeto kwenye matibabu ya pombe, ukalala kwenye viti ukimngoja, akatoka mzima. Ukasema mtu aliyeinuka kwa miguu yake akajichotea pombe, basi na ajitafutie njia ya kuiacha. Ukasema huji tena. Ninakuandikia ili uje.

Acha nianzie kwenye ile sufuria ya stima ya kupika polepole uliyotuletea mwezi wa nane. Imetusaidia sana. Ijumaa kabla jua halijatua naweka maharagwe, na Sabato tukitoka kanisani tunakuta chakula moto bila mtu kuwasha moto. Wamama wa kanisa walikuja kuitazama mmoja mmoja, wakiiinamia kama mtoto mchanga. Na mimi unanijua, sifa zikanipanda kichwani. Tulipokaa kupanga zawadi za mwisho wa mwaka za wazee na wajane, wengine wakasema wataleta sabuni, wengine unga. Mimi nikasimama nikasema nitaleta jeli ya mapera, chupa thelathini, zilizopikwa kwa sufuria ya wifi yangu. Mama Persis, kiongozi wetu, akaniuliza kama kweli nimewahi kupika jeli. Nikamjibu kwamba nimepika mara nyingi. Nilikuwa nimepika mara moja, tena wewe ukiwa umesimama nyuma yangu.

Ijumaa ya tarehe tano nikakata mapera na mananasi mawili, nikajaza sufuria hadi mdomoni, nikatia maji. Ulinifundisha kwamba sukari huja baada ya kuchuja, lakini nikajifanya fundi, nikamwaga sukari kiasi palepale. Nia yangu ilikuwa yalainike polepole yenyewe, kisha Sabato ikiisha nichuje na kuipika jeli.

Jua lilipotua, stima ikapotea. Mapera yalikuwa yameanza tu kupata joto. Mtu mwingine angeyahamishia kwenye moto wa kuni, lakini Sabato ilikuwa imeingia, na mimi sikuyagusa. Nilijiona mtakatifu kweli. Jumamosi jioni kuni zilikuwa zimelowa, nikasema stima itarudi. Jumapili haikurudi, nami nilishinda kwenye chai. Jumatatu mchana nilipofungua kifuniko, povu lilikuwa limepanda na mapera yanachemka bila moto.

Wifi, mimi nimezaliwa Nyacheki. Jirani yetu alikuwa akipika pombe ya busaa, na harufu ya kitu kilichochacha siwezi kuikosea hata nikiwa na homa. Nilijua. Nilitakiwa kuyabeba nikayamwage kwenye migomba, basi. Lakini niliona uchungu wa kazi yangu, na nikaona uso wa Persis. Nikajiambia nikichemsha sana pombe itatoka, hakuna atakayejua. Nikafunika tena.

Yaliyofuata uliyasikia. Kwamba Ogeto alirudi kutoka kituo cha majani chai, akaikuta sufuria, akajichotea. Kwamba jioni ileile alishuka sokoni kutafuta kilicho kikali zaidi, na miaka miwili na nusu aliyokaa bila kuonja ikaishia hapo. Sabato iliyofuata alisimama mbele ya kanisa, vifungo vya shati vimepishana, akasema kosa ni lake peke yake. Mzee Obwocha akamuuliza kama mke wake alijua kilichokuwa ndani ya ile sufuria. Ogeto akasema mke wake alikuwa kwenye chai.

Mimi nilikuwa nimeketi katikati ya wamama. Baada ya ibada walinizunguka, Persis akanishika kichwa, wakaniombea kwa machozi kwa sababu ninavumilia mume mlevi. Nikaitikia amina. Wiki ileile nikapika jeli nyingine kwa mapera mapya, ikatoka nyekundu na safi kabisa, na wajane wakanibariki. Sijaweza kuionja.

Sasa nikuambie alivyo ndugu yako. Tangu siku hiyo hajakaa mchana mmoja bila kunywa. Amekonda hadi mshipi umeongezwa matundu mawili. Alhamisi tulimtoa kwenye mtaro wa barabara akiwa amelowa, na asubuhi mikono yake ilitetemeka hata kijiko kikamshinda. Sabato inayokuja, tarehe ishirini na saba, wazee watakaa kuliondoa jina lake kanisani. Nilipomwambia, alisema afadhali walitoe, kwamba hata Mungu amemjaribu akaona hatengenezeki. Aliyasema taratibu, bila hasira yoyote. Naogopa, wifi. Naogopa kila anapochelewa kurudi.

Sikuwa kwenye chai.

Nilikuwa jikoni. Ogeto aliingia na kiu, chupa ya chai ilikuwa tupu, akaniuliza kama kuna kitu cha kunywa. Maji yalikuwepo. Lakini mimi nilichukua kikombe, nikachota kwenye ile sufuria, nikampa. Nilijidanganya kwamba ni maji ya matunda tu. Akanywa, akakitazama kikombe, akaniuliza hiki ni nini. Nikasema ni jeli ambayo haijaiva.

Hapo bado ningeweza kukiri. Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Tangu atoke kwenye matibabu, Ogeto alikuwa mtu mwema aliyenyamaza. Alichuma chai, aliomba, alilala. Hakunitukana, wala hakunitania. Mbele za watu nilimshukuru Mungu, na usiku nilijiona mjane mwenye mume. Basi baada ya kile kikombe aliketi kwenye kigoda, akaanza kuniigiza nilivyojigamba kwa Persis, sauti, mabega, kila kitu. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Akaniita kwa jina alilokuwa akiniita kabla hatujaoana. Nilikuwa nimelisahau mimi mwenyewe.

Kisha akaninyooshea kikombe. Macho yake, wifi, yalikuwa yananiomba nikatae. Nilimjazia. Nilimjazia kwa sababu nilitaka aendelee kucheka.

Kikombe cha kwanza unaweza kukiita ujinga. Cha pili nilijua ninachomimina na ninayemmiminia. Na yeye akasimama kanisani akakibeba, na mpaka leo hajanikumbusha hata kwa jicho. Kwa hiyo yule mtu uliyemkasirikia, aliyeinuka akajichotea mwenyewe, hayupo. Uliyenaye ni ndugu yako yuleyule uliyemngoja kwenye viti. Aliomba cha kunywa nyumbani kwake.

Jumamosi nitasimama kabla wazee hawajaanza, nitasema yote haya kwa mdomo wangu. Wakitaka kutoa jina, langu liko. Persis atanitazama vile atakavyonitazama. Lakini kanisa halijui kumtoa mtu pombe mwilini. Wewe unajua pa kumpeleka, na wewe ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia panda twende naye akapanda. Njoo kabla ya Jumamosi, nakuomba kwa magoti. Ukitaka usiniongeleshe, usiniongeleshe. Ukitaka usile kwangu, usile. Nitaweka begi lake mlangoni nikae ndani hadi muondoke. Akipona akakataa kurudi kwangu, nitakubali pia. Na awe hai huko aliko.

Ukimkuta usimuulize nani alimpa. Atakuambia alijichotea, na atakutazama usoni akisema hivyo.

Wasalimie watoto wote kwa majina yao. Linda anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Mungu akulinde kazini na njiani. Ogeto hajui kwamba nimekuandikia. Angejua, angenizuia.

Ni mimi wifi yako,
Phanice