Kengele Ishirini na Nne

Satellite
Jumanne, 9 Septemba 2025

Shangazi mpendwa,

Wewe huniita mwaitu kwa sababu nilipewa jina la mama yako, basi leo nakuuliza kama mama: umekula? Goti limetulia? Mimi sijambo, ila kidole gumba kimeota sugu.

Nisamehe kwa kimya. Gunia la tarehe 29 lilifika salama. Musili alilishusha kwenye bodaboda yake polepole kama mtu aliyebeba mayai. Nikalifungua. Katikati ya vipande vya kawaida ulikuwa umenifungia kitambaa cha zambarau, umekikaza kwa uzi mweupe, vile unavyofunga siku zote. Vipande ishirini na vinne! Vyote sawasawa, kila kimoja na umbo la kengele. Nilivipanga sakafuni nikavihesabu mara mbili. Miaka yote hunitumia masalio ya magauni ya watu, na leo umenikatia kitambaa kipya. Nikasema, hatimaye Shangazi ameanza kunielewa.

Nimevichana vyote nisuke kikapu. Tepe za upana wa vidole viwili, nazizungushia kamba ile ya kuanikia nguo, na kila baada ya mizunguko mitano napitisha sindano butu nishike duara la chini. Sitii gundi, wala cherehani haikigusi. Sasa kikapu kinanifika magotini, na bado sijaona mahali kilipokosea.

Janice, yule mama wa Kitisuru anayeandaa maonyesho ya kazi za mikono bustanini kwake, aliona picha. Ameniwekea meza Jumamosi tarehe 27, kwa sharti kwamba nije na hicho kikubwa. Shangazi, tangu niache kazi ya benki hakuna mtu aliyeniwekea hata kiti. Nikizungusha kamba ninaacha kujiuliza mimi ni mtu wa namna gani. Nataka uje ukione.

Mwaitu wako,
Nzula


Dukani, mjini
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Mwaitu,

Kama unasoma hii ukiwa umesimama, keti. Goti langu halijambo, moyo ndio sijui.

Hizo si kengele. Ni mikono ya magauni. Ni mikono ya kwaya yetu ya kina mama, wanawake kumi na wawili, tunaoimba Jumapili tarehe 28 askofu akija kufungua kanisa jipya. Wiki mbili nimeitafuta! Nimempekua Waithera, fundi ninayegawana naye chumba, mpaka akaniuliza kama nadhani ameimeza. Nimemwomba msamaha kwa chapati sita.

Na wewe, na digrii yako ya hesabu, hukuona kwamba vitu ishirini na vinne vinavyofanana ni mabega ya watu kumi na wawili?

Nimecheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Kosa ni langu. Masalio yako nayafunga kwa uzi uleule ninaofungia kazi ya wateja, ili ukifungua usijione mtu wa kuokota takataka. Mafungu yalikaa pamoja pembeni, nami nikatia gunia bila miwani. Kitambaa chenyewe nimekiulizia maduka yote ya Eastleigh, kimekwisha. Sasa ni mimi nitakayemwambia Mama Kitavi, mwenyekiti wetu anayeamini kiwiko ni siri ya ndoa, asimame mbele ya askofu mabega wazi.

Lakini kikapu chako usikiguse. Umenisikia? Usikiguse. Nitapata njia.

Ningekupigia, lakini simu zangu hushiki tangu mwaka juzi.

Shangazi yako,
Ndeti


Dukani, mjini
Ijumaa, 19 Septemba 2025

Mwaitu,

Salamu nyingi, ingawa sijui kama zinapokelewa. Musili anasema wiki iliyopita ulipokea gunia kupitia upenyo wa mlango, ukasema asante, ukafunga. Je, umekasirika? Unaumwa? Unakula?

Nimewaambia wenzangu ukweli. Stacy, mdogo wetu wa sauti ya kwanza, alishangilia mabega wazi mpaka akakanyagwa mguu. Mama Kitavi aliuliza, "Ndeti, kwani huyo mtoto ana mikono mingapi?" Tumeamua kuvaa sweta za shule za wajukuu. Usinicheke.

Ukija mjini, pita. Ukikataa kuja, andika hata mstari mmoja.

Shangazi yako anayengoja,
Ndeti


Satellite
Jumatano, 24 Septemba 2025

Shangazi,

Nakula, siumwi, na sijakasirika. Pole kwa kukutia wasiwasi, nilikuwa nafumua.

Siku nne za kwanza nilikiangalia tu. Nilijiambia kwamba wewe mwenyewe umenikataza kukigusa, kwa hiyo kukiacha ni utiifu. Nilijua najidanganya. Halafu nikaurudia ule mstari wako wa uzi. Mimi nilidhani umeanza kunielewa siku uliponitumia kitambaa kizuri, kumbe miaka yote uzi ulikuwa unaniambia, nami nikiukata kwa makasi bila kuusoma.

Basi nikashika ncha ya juu nikaivuta. Kuzungusha kulinichukua siku kumi. Kufumua kulichukua mbili. Kisha nikapiga pasi, tepe moja baada ya nyingine, na hapa Satellite umeme hukatika kila pasi inapopata moto.

Sasa sikiliza, digrii ya hesabu imepata kazi. Nilichana kila kengele kwa upana, tepe ishirini kila moja, fupi juu na kuzidi urefu kwenda chini. Kwa hiyo zinajipanga zenyewe kwa urefu wake; nimezibana kwa pini kwa zamu na kuandika namba kwenye karatasi. Wewe na Waithera mziunganishe kwa cherehani. Mshono utakula theluthi ya kitambaa, hivyo mkono uliokuwa ufike kifundo utaishia kiwikoni. Mwambie Mama Kitavi siri yake nimeilinda kadiri ya hesabu.

Humu mna mikono ishirini na mitatu. Wa ishirini na nne uko ndani ya kitako cha kikapu, nilichoanzia. Nimekishika mara tatu kukifumua, mara tatu nikakiweka chini. Ndipo mahali pekee ambapo bado ni kikapu. Nimekitia gunini pia. Wewe mwenye makasi, amua. Ukikifungua sitakulaumu.

Nimemwambia Janice sina cha kuleta.

Nzula


Dukani, mjini
Jumatatu, 29 Septemba 2025

Mwaitu wangu,

Mzima wewe? Mimi sauti imenikauka, kwa hiyo hata ungeshika simu usingenisikia.

Tulishona siku mbili, mimi na Waithera. Mikono ikatoka na mistari inayoizunguka kama kikapu chako, duara juu ya duara. Mama Kitavi alivaa wake, akaukunja mkono, akaunyoosha, akasema, "Kumbe hewa huingia huku." Jana hatukuweza kumtoa mbele ya kioo cha vestri, chumba tunakovalia. Mke wa askofu alimshika mkono hakumwachia, akauliza ni fundi gani aliyebuni mtindo huu. Nikasema ni mama yangu. Akaniangalia, mimi na mvi zangu, akaniambia mama yangu ana nguvu.

Kuhusu kitako. Nilikiweka mezani, nikakigeuza. Mama yangu alipokuwa akisuka kiondo hakuwahi kufumua kitako. Juu ukikosea fumua utakavyo, chini hapana. Alisema usipoacha mahali pa kurudi hutarudi. Kwa hiyo makasi niliyarudisha kwenye droo. Nimeimba na mkono mmoja, na begani upande wa pili nimetupa leso. Stacy anasema nimependeza, na sasa wenzangu watatu wanataka leso begani.

Kitako ndicho hiki, Musili amekibeba mapajani. Kiendeleze.

Shangazi yako mwenye mkono mmoja,
Ndeti


Satellite
Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Shangazi,

Hujambo huko? Sauti imerudi?

Jana gunia lilifika bila barua. Nilimwaga kila kitu sakafuni nikaitafuta, nikampigia Musili akaapa hakuangusha hata karatasi. Kisha nikaona fungu moja dogo, limekazwa kwa uzi mweupe. Safari hii sikuukata. Nilifungua fundo polepole kwa kucha.

Ndani mlikuwa na mkono mmoja wa gauni, wa zambarau, wenye mistari, umefumuliwa begani kwa uangalifu bila kuchanika. Wewe ulikuwa umebakiwa na mmoja tu.

Nilikaa nao mapajani kwa muda. Kisha nikauvaa. Unanifika kiwikoni.

Jumamosi ile ya maonyesho nilikwenda Kitisuru hata hivyo, kumwomba Janice msamaha ana kwa ana. Alinikaribisha chai, nikamweleza habari za kengele. Alicheka hadi akashika ukuta. Ana maonyesho mengine Desemba na meza bado ni yangu. Kikapu hakitakuwa kikubwa tena, kitakuwa cha mikono miwili tu, wa kitako na huu. Nimeshafumua utepe wa kwanza wa huu nikauambatanisha. Kitakuwa na kimo cha kutosha kuwekea makasi, na hakiuzwi. Uje nawe; atakayekiulizia nitamwonyesha leso begani mwako.

Nilikupigia jana mara tatu nikuambie haya. Hukushika. Nadhani cherehani ilikuwa inapiga kelele. Nimejua sasa kutoshikiwa simu kunavyokera.

Nipigie leo. Simu iko hapa kando ya kamba, nimeipandisha sauti mpaka mwisho.

Mwaitu wako,
Nzula