Kurasa za Nyuma

Jumatatu, 4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na mgongo umepungua. Sisi huku hatujambo. Bonge ameota jino la nne, anauma kila kitu, hata viatu vya baba yake. Baba Bonge anakusalimu, yuko kazini anachomelea mageti ya watu.

Salamu zimeisha. Fundi, wewe unayemsomea mama barua zangu hapo kibarazani kwako, tafadhali acha kukanyaga cherehani kwanza, na usiruke mstari hata mmoja. Najua huwa unalainisha. Leo usilainishe.

Mama, vitabu vyangu viko wapi?

Alhamisi uliniaga nikiwa natundika nguo, ukasema usijisumbue kunisindikiza, mzigo mwepesi. Nikajiuliza, huyu alikuja na kikapu, mbona anaondoka na kiroba kichwani? Nikasema labda ni mitumba. Narudi ndani nakuta rafu tupu. Rafu ambayo Baba Bonge aliichomelea kwa vipande vya mageti, akaipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye geti la daktari. Vitabu arobaini na kimoja, mama. Vyote.

Vile si takataka. Mzee wa magazeti, yule niliyekuwa namfagilia kibanda, alipofunga biashara aliniambia chagua, viti au vitabu. Nikachagua vitabu. Ndiyo, ni vya mapenzi. Ndiyo, kwenye jalada watu wamekumbatiana. Unadhani mimi sioni haya? Nimevisoma bafuni miaka miwili, siku hizi Bonge akilala mchana, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, namwaga kopo la maji kila baada ya kurasa mbili ili watu wajue naoga. Mwenye nyumba anasema hajawahi kuona mpangaji msafi kama mimi. Nilijiona kama mtu anayelamba sukari ya wageni.

Halafu siku moja msusi wa jirani akakiona kimoja nilichokisahau kwenye kamba ya nguo. Nikangoja anicheke. Akaniambia, "Shoga, niazime, nitakulipa." Kesho yake muuza mitumba naye akaja. Halafu mpishi wa shule. Ndipo nikapata wazo la kukodisha. Yaani kitu nilichokuwa nakionea aibu kumbe ni duka.

Nafungua Jumamosi. Nimeshawatangazia watu. Vitie kwenye boksi umpe kondakta wa basi, nitalipokea mwenyewe.

Mwanao.


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, sasa magoti ndiyo yananionea. Mbusu mjukuu wangu kisogoni, pale penye nywele laini. Fundi anaandika kama ninavyosema, nimemkataza kupamba.

Umeniandikia kama unamwandikia mwizi. Haya, mwizi anajibu.

Jumatano ile nilirudi kutoka sokoni mchana nikakuta mlango wako wazi. Nikamkuta Bonge amekaa ndani ya beseni la nguo. Maji yalimfika kifuani. Amefurahi kweli, anayapiga kwa mikono miwili, anainama anataka kuyaonja. Kati ya pua yake na maji palikuwa na kiganja kimoja. Fundi, andika kiganja kimoja. Nikamwopoa, nikaita. Kimya. Nikasikia kopo bafuni, pwaa, halafu kimya tena. Nikasukuma mlango nikakukuta juu ya ndoo, nguo kavu, machozi yanakutiririka. Nikajua umefiwa. Kumbe unamlilia mwanamke wa kwenye karatasi! Wa damu yako yuko majini, wewe unamlilia wa karatasi.

Sikukuzaba kibao kwa sababu umeshakuwa mke wa mtu. Niliondoka na kile nilichoona kinastahili kuondolewa.

Nimefua mashuka ya nyumba ya wageni miaka kumi na tisa. Nimelea watoto watano. Sijawahi kujifungia bafuni kutafuta raha. Raha yenyewe ningeipokelea wapi, mikono yote imelowa? Na biashara gani hiyo ya kukodisha makaratasi? Uza sabuni. Uza mkaa. Kitu mtu akikimaliza anarudi. Kitabu mtu akishajua mwisho, atakirudia cha nini?

Mvua imelowesha mkaa huku, jiko haliwaki bila karatasi. Sasa vitabu vyako vinafanya kazi ya maana.

Mama yako.

(Hapa ni mimi fundi. Nimeandika kama alivyosema, sikulainisha. Ila hapo kwenye jiko kalamu ilinigomea kidogo.)


23 Februari

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Nauliza hali yako kwa sababu barua ndivyo inavyoanza.

La beseni ni kweli. Sikatai. Tangu siku ile nafua Bonge akiwa mgongoni, na kila nikimimina maji natazama usawa wake naona kile kiganja chako. Hilo ni lako, nipige nalo mpaka nizeeke, sitajibu.

Lakini hukuchukua beseni, mama. Beseni uliliacha. Umechukua vitabu.

Sasa nikusimulie Jumamosi yangu. Walikuja sita. Msusi alimwacha mteja na nusu ya kichwa hakijasukwa. Mpishi wa shule alikuja na aproni yake. Wakasimama mbele ya rafu ya bluu, safi, nimeipangusa, haina kitu. Msusi akasema, "Mama Bonge, kwani unakodisha vyuma?" Wakacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini? Nikawaambia mzigo umechelewa njiani. Walipoondoka nikaenda bafuni, na siku hiyo nilioga kweli, maji mengi, ili Baba Bonge asinisikie.

Halafu nikakumbuka kitu ambacho sijawahi kukutajia. Fundi, hapa usikohoe ukapita.

Darasa la sita nilikuwa wa tatu. Ulikuja mpaka mlangoni mwa darasa, mdogo wangu akiwa mgongoni, ukamwambia mwalimu, "Namchukua huyu, kuna mashuka." Hukungoja kengele. Daftari langu lilibaki wazi juu ya dawati, sentensi sijaimaliza. Sikukulaumu. Nilijua njaa ilivyokuwa, nilikuwa nayo tumboni mimi pia. Lakini yote niliyoyajua baada ya mlango ule, kuandika barua kama hii, kujua watu wengine wanaishije, wanaachanaje, wanarudianaje, nimeyapata juu ya ndoo. Hiyo ndiyo raha unayoisema. Nilikuwa namalizia shule.

Na sasa umenitoa darasani mara ya pili. Safari hii hata mashuka hayakuwepo.

Choma tu. Pikia. Lakini usiniandikie tena, na fundi wako asinipambe kwenye mabano.

Mwanao, kwa kuwa hilo siwezi kulibadilisha.


19 Aprili

Mwanangu,

Wiki nane hujanisalimu, kwa hiyo naanza mimi. Marahaba, ingawa shikamoo sikuisikia. Bonge hajambo? Meno yamefika mangapi? Magoti yangu yapo, yanapanda na kushuka na mvua.

Siandiki kuomba radhi ya beseni. Likitokea tena nitafanya vilevile. Na la darasani ni la kuongea uso kwa uso, si mbele ya fundi. Fundi anasema ameshalisikia lote. Nimemwambia anyamaze aandike.

Kuna jambo limenitokea, naona haya kulisema.

Vile vitabu sikuvitia motoni vyote. Nilikuwa nataka kuja kuvirudisha hasira ikipoa, kwa hiyo nilivitumia kwa uangalifu. Nilichuma. Majani matatu hapa, manne pale, kutoka kila kitabu, kama unavyochuma mboga ili shina lisife. Na nilichuma nyuma, kwa sababu mbele kuna picha, nikaona picha ndiyo mali yenyewe. Nyuma hakuna picha. Nikaona huko hakuna hasara.

Siku moja fundi amekuja kungoja chai, mimi nakunja karatasi niwashe jiko, akaidaka. Akasoma kimoyomoyo. Akasema, "Haa!" Nikamuuliza haa nini? Akasema, "Amemwambia hamtaki!" Nani kamkataa nani? Akasema hajui, ndiyo kwanza anaanzia hapo. Nikamwambia basi anzia mbele, upesi. Chai ilichemka ikamwagikia jikoni ikazima moto wote.

Tangu hapo, mwanangu, kila siku nikishaanika mashuka naenda kibarazani kwake. Anashona ananisomea. Akifika penye maneno matamu anasahau kukanyaga, mteja mmoja amepewa suruali yenye mguu mmoja mfupi. Mwenye nyumba ya wageni amenigombeza mara mbili kwamba mashuka yanarudi yamenyeshewa. Nimemwambia ni magoti. Nimesema uongo, kwa umri huu, kwa ajili ya watu wa kwenye karatasi.

Nilikuuliza raha ingepokelewa wapi mikono ikiwa imelowa. Kumbe inaingilia masikioni.

Sasa tabu yangu ni hii. Kila kitabu tukikaribia mwisho, hakuna mwisho. Nimeuchoma mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Vingine nimevumilia. Lakini kile cha nesi sivumilii. Yule ambaye mama yake alizificha barua za mchumba, fundi saa, ndani ya debe la unga, miaka minne, akidhani anamwokoa. Nesi akazikuta siku anakanda unga. Amefunga sanduku, amefika mlangoni, mama yake amekaa hata hainuki. Hapo karatasi imekwisha. Nilichemshia maji ya kuoga.

Fundi anataka kujua kama fundi saa alimngoja. Mimi yule mwanamume hanihusu. Mimi nauliza yule mama. Alisemeshwa? Au alibaki na debe lake?

Boksi nampa kondakta kesho. Vimo arobaini. Cha nesi nimebaki nacho.

Mama yako.


11 Mei

Mama,

Shikamoo. Bonge ana meno saba na amejifunza kusema hapana, analisema hata akiulizwa jina. Baba yake hajambo, kaungua kidole kidogo na cheche. Magoti yako yapake kitu chenye moto, usiyafunge kitambaa kilicholowa. Fundi, mwangalie.

Boksi limefika. Nilifungua kimoja nyuma, cha pili, cha kumi, nikakaa chini. Mtu anayechoma kitabu nitamwelewa, ana hasira. Lakini arobaini, vyote vinyofolewe mahali pamoja, kwa uangalifu, na mtu anayejisifu kwamba hakuharibu! Nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Nikasema sitashindwa mara mbili. Nikavipanga rafuni hivyo hivyo, nikawakodishia.

Siku ya tatu msusi aligonga mlango kwa ngumi. "Wewe Mama Bonge! Umenifikisha mlangoni mwa harusi, bibi harusi hajaingia, kitabu kimekwisha! Nirudishie hela yangu au uniambie bwana harusi alimwoa nani!" Nikaanza kumwambia. Akasema, "Subiri, usiseme haraka hivyo, mwite na mpishi wa shule, tulikisoma pamoja, naye amekwama palepale." Nikawasimulia kibarazani, nimesimama, unga mikononi. Wakaniambia, na mwisho wa vile vingine? Nikasema Jumamosi.

Sasa kila Jumamosi saa tisa mchana wanakuja. Wiki iliyopita walikuwa kumi na wanne, wengine wamekaa juu ya mabaki ya mageti. Wanasoma nyumbani kwao, mwisho wanakuja kuuchukua kwangu. Bonge namweka katikati ndani ya beseni, kavu kabisa, na vijiko vyake, wote kumi na wanne wanamwona. Wala sijifungii tena. Miisho niliyoisahau naibuni. Juzi nilimuua daktari ambaye kwenye kitabu alikuwa hai na ameoa. Walilia, wakanigombeza, wakataka nimfufue. Nimewaambia nitafikiri.

Uliuliza mtu akishajua mwisho atarudi kufanya nini. Ulisema kweli, na ndiyo maana siwaandikii mwisho nyuma ya vitabu. Lakini usije ukajipa sifa, mama! Usimwambie mtu hapo kibarazani kwamba wewe ndiye uliyenifungulia biashara. Uliharibu. Imetokea tu kwamba ulipoharibu ni mahali nilipokuwa nimeshapahifadhi kichwani, ambako kiroba chako hakikufika.

Hasira ninayo. Nikiosha vyombo ninayo, nikicheka na wateja ninayo. Sijui itakwisha lini na sitaki mtu aniharakishe. Ya mlango wa darasa unayo wewe kuyaeleza, na umesema uso kwa uso. Uso wangu uko huku. Sitauleta.

Sasa kuhusu nesi. Namkumbuka neno kwa neno. Ndiye niliyekuwa namlilia siku ile ya beseni, ulipousukuma mlango nilikuwa kwenye mistari ya mwisho kabisa. Kwa hiyo nitakusimulia kwa haki, bila kubuni.

Nesi alisimama mlangoni, sanduku mkono mmoja, barua za fundi saa mkono wa pili, zimejaa unga. Mama yake hakuinuka. Alikuwa anatazama mikono yake. Nje gari lilikuwa linamngoja, dereva anapiga honi. Nesi akaweka sanduku chini. Akakung'uta barua moja, unga ukaanguka sakafuni. Akamtazama mama yake muda mrefu, akafungua mdomo, akamwambia

Hapo nimechana, mama. Kidogo tu. Nyuma, pasipo na picha.

Jumamosi, saa tisa. Njoo na kitabu changu.

Mwanao.