Babu Wawili, Boksi Moja

Mjimwema, Songea
14 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Thadei,

Tumsifu Yesu Kristo. Huko machimboni Tunduru hujambo? Kifua na lile vumbi vinaendeleaje? Mimi mzima wa mwili tu, moyo haupo. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nampa barua hii Ibra wa basi la kesho alfajiri.

Mwanao Babu, mrithi wa jina la marehemu baba, alilazwa kwa homa ya mapafu. Alishaanza kunywa uji, lakini sindano zilikuwa hazijaisha.

Sasa sikia balaa. Mdogo wetu Dorine anajifunza programu za kompyuta, akatengeneza ya kuchapa majina ya kuombewa kigangoni. Amenieleza huku analia. Unatengeneza kama boksi, unalipatia jina, unaweka neno ndani. Amri ya kuchapa huitungi wewe, imo tayari. Ukiiita inatoa kilichomo, haiulizi ni hai au mfu. Boksi la marehemu baba akaliita "babu". Baadaye akaandika wagonjwa, na la mwanao akaliita "babu" vilevile, kwani kwetu nani humwita Pankrasi? Hakujua kwamba boksi halibebi wawili. Ukiweka cha pili, cha kwanza kimefutika. Basi penye marehemu likachapwa jina la mwanao.

Jana kwenye misa ya mwaka wa baba, katekista akasoma alichopewa: "Tumwombee marehemu Pankrasi Thadei." Mkeo alikuwa ametoka wodini kuja kusali. Hakulia. Alirudi hospitali, akamchukua mtoto, akapanda naye bodaboda kwenda kwao Mpitimbi. Manesi walimzuia, akawaambia mtoto ameshasomwa marehemu, wanamchoma sindano za nini.

Leo tumemfuata. Dorine alipiga magoti akaanza kueleza mambo ya boksi na amri. Hasira zilinipanda, nikamwambia anyamaze. Mama ambaye mwanae anahema juu juu hafundishwi kompyuta.

Wifi Kunegunda amesema neno moja tu: "Walimsoma mbele za watu. Baba yake aje amwite mbele za watu, mtoto aitike. Ndipo nitarudi hospitali."

Nimejaribu kumwita mimi, wifi amekataa, shangazi si baba. Njoo, Thadei. Usisubiri jiwe lipatikane. Ukipata mtandao usinipigie, panda basi.

Mama anakusalimu, hali chakula. Dorine anaogopa hata kukutumia salamu. Msalimie Valence unayekaa naye. Mungu akushike mkono njiani, na amwachie mtoto pumzi mpaka ufike. Nilipomwita alifumbua macho tu, sauti hakutoa.

Wako akupendaye,
dada yako Leticia