Kikombe Nilichokitoa Bila Kuonja

Biryogo, Kigali
1992

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Kila nikiamka nasikiliza kikohozi chako upande wa pili wa ukuta, kisha nakumbuka kwamba ukuta huu si wetu. Kushona naendelea, shangazi ameniachia vifungo na pindo.

Mama, mwezi uliopita Mama Zuhura, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuja kupumzika barazani kwetu. Shangazi hakuwapo. Nikampa maziwa mgando kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha. Alikitazama kikombe, akakiweka chini, akaondoka. Tangu siku ile mafundi wa kichochoro chetu hawakuitikia salamu yangu. Nikiketi nao kula, sinia linasogezwa mbali nami. Mmoja alinipa jina, "yule wa maziwa", wakacheka.

Niliona aibu kumwambia shangazi. Nilifungua ile kamusi kubwa ya Kiingereza niliyozawadiwa nilipomaliza shule, nikakuta neno ostracism. Maana yake ni watu kukubaliana kumtenga mwenzao. Limetokana na neno la Wayunani wa kale la kigae. Waliandika jina la mtu kwenye vipande vya vyungu vilivyovunjika. Akitajwa na wengi, anauacha mji wake miaka kumi. Nikajiuliza jina langu limeandikwa kwa kosa gani.

Shangazi alinikuta nalia juu ya kamusi. Nilipomsimulia, akashika kichwa.

"Ulionja kwanza?"

Sikuonja. Kumbe huku mwenye nyumba hunywa kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Nami nilidhani kugusa kinywaji cha mgeni ni kukosa adabu.

Jana nilimpelekea Mama Zuhura maziwa mengine. Nilikunywa funda moja mbele ya mafundi wote. Akapokea, akamaliza.

"Mtoto iko na adabu," akawaambia. "Ni mama yake tu iko mbali."

Nilikuwa nimejikaza mpaka hapo, Mama.

Kamusi imeandika pia kwamba yule aliyeondoshwa, miaka ikiisha, alirudi akakuta nyumba yake na shamba lake bado ni vyake.

Nisalimie bibi, msuka mikeka wetu, na mdogo wangu Idi anayelalia kitanda changu. Kitanda alale tu. Ila kile kikombe changu cha bati chenye ua jekundu, msimpe mtu.

Mwanao akupendaye,
Mwajuma