Salamu ya Mama Mectilda na Orodha Isiyojaa

Mama Perpetua, shikamoo. Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nakuomba sana usinijibu niende kwa fundi, kwa sababu fundi mwenyewe ni mimi.

Naitwa Theodory Sulle, ni mwalimu wa sekondari hapa Katesh lakini nyumbani ni Dirma, na shida yangu inahusu zahanati ya kwetu na muuguzi wake mkuu, Mama Mectilda, ambaye mwisho wa mwezi huu anastaafu na kurudi kwao Bukoba, na ambaye bila yeye barua hii isingekuwa na mwandishi. Nilipokuwa mchanga, wakati huo bado tuko mkoa wa Arusha na Manyara haijazaliwa, mama yangu Judica alikosa kliniki kwa sababu ya mvua na maharage yaliyokuwa yanaozea shambani, na Mama Mectilda alipoona sikuletwa akafunga zahanati akatembea kwenye tope mpaka kwetu, akanikuta surua imenishika na macho hayafunguki, akanifunga mgongoni kwake yeye mwenyewe kwa sababu mama alikuwa hana nguvu tena, akanirudisha zahanati kunitibu, na ndiyo maana leo ninaona ubao ninaoandikia. Dirma nzima wanajua hiyo ndiyo tabia yake, mtoto asipoletwa kwenye chanjo yeye anamfuata, na majina yote yako kichwani mwake, na sasa kichwa hicho kinaondoka na basi kwenda Bukoba.

Kwa hiyo mwaka jana wafadhili wa parokia walipoleta kompyuta na sola pale zahanati, nilimshukuru Mungu nikasema hii ndiyo nafasi yangu. Nikaandika programu kwa mikono yangu, kila Jumamosi napanda lori la mnadani kwenda Dirma kuijaribu, na kazi yake ni moja tu, asubuhi ukiifungua inakuonyesha majina ya watoto waliokosa chanjo na mahali wanapoishi ili wafuatwe. Wewe ulifundisha kompyuta kabla ya kuwa mshauri kwa hiyo unanielewa, ila kwa wasomaji wengine niseme kwamba fomu ni lile dirisha la programu, na Load ni tukio linalotokea fomu inapoandaliwa kufunguka, na mimi amri za kusoma majina nilikuwa nimeziweka humo ndani ya Load, na zilikuwa zinafanya kazi vizuri kabisa mpaka Mama Mectilda mwenyewe aliposema neno moja.

Alisema, "Mwanangu Theo, mashine yako ina akili, lakini mbona inaingia kazini asubuhi bila kusalimia?" Wote tulicheka, yeye pia alicheka, lakini nilijua anamaanisha, kwa sababu pale zahanati hata uje umeshika mkono uliovunjika utamwamkia kwanza halafu ndiyo ulie. Basi nikatengeneza fomu nyingine ya mwanzo imeandikwa SHIKAMOO MAMA MECTILDA kwa herufi kubwa, na chini yake kitufe cha MARAHABA, na kwa heshima nikapanga kwamba faili la majina lisifunguliwe mpaka Marahaba ibonyezwe, maana kazi haianzi salamu haijaitikiwa, na hiyo fomu ya salamu inapojiandaa nikaiagiza iandike jina lake juu ya ile fomu ya orodha ili akifika huko alikute. Mama, ungeona furaha yake! Wagonjwa walikuwa wanaomba kuingia ofisini waone kompyuta inayoamkia watu.

Tangu siku hiyo orodha haijai. Anabonyeza Marahaba, fomu ya orodha inafunguka, jina lake liko juu limekaa vizuri na chini yake ni weupe mtupu, wala hakuna kosa linalotokea, kwa sababu zamani niliweka ile amri ya kuiambia programu ikikutana na kosa inyamaze iendelee, maana makosa yanakuja kwa Kiingereza na wauguzi walikuwa wanaogopa wakidhani wameharibu mashine. Nimehakikisha Load haiitwi kabisa. Niliweka ujumbe ndani yake useme NIMEFIKA, nikabonyeza Marahaba, fomu ikafunguka na ujumbe haukutokea, nikarudia na haukutokea, ila ulikuwa unajitokeza mwanzoni kabisa ninapowasha programu, kabla hata salamu haijaonekana, nikadhani ni mabaki ya majaribio yangu ya zamani, nikawa naubonyeza unaondoka naendelea na kazi.

Kinachoniumiza ni kwamba Jumatano iliyopita muuguzi mpya anaitwa Agatha, ndiye atakayebaki, aliona orodha iko tupu akasema, "Leo hakuna wa kufuatwa," wakafunga wakaenda, na Mama Mectilda akasimama mlangoni akasema, "Haiwezekani, mjukuu wa Qamara hajaletwa," akaenda mwenyewe kwa mguu na kumkuta kweli hajachanjwa. Je, mwezi ujao nani atasimama mlangoni?

Rafiki yangu Nicodemo, mtaalamu wa kompyuta kule Arusha, nilimpigia simu akaniambia, "Wewe Theo, toa hiyo salamu, kompyuta siyo mkwe wako." Nikarudisha ile programu ya kwanza isiyo na salamu, orodha ikajaa. Nikaweka salamu, ikawa tupu. Sasa sherehe ya kumuaga ni Jumamosi ijayo, kwaya imeshaanza mazoezi, Mzee Margwe mwenyekiti wa kijiji ametangaza kwamba kompyuta itamwamkia Mama mbele ya watu wote halafu itaonyesha kazi yake, na mimi niko njia panda. Nikitoa salamu nimemvunjia heshima aliyenibeba mgongoni, nikiiacha nimewaacha watoto. Nimefikiria pia kuandika majina machache ya kudumu kwenye fomu ili siku hiyo tu ionekane imejaa, halafu nitafute dawa taratibu baadaye. Nifanye nini mama yangu? Silali vizuri, na wanafunzi wameanza kuniuliza kama naumwa.

Ni mimi mwanao,
Theodory, Katesh

MAMA PERPETUA ANAJIBU

Marahaba mwanangu Theodory. Wiki nzima nimeletewa waume wanaochelewa mnadani na mama wakwe wasiopenda ugali wa mkamwana, halafu ukaja wewe na Load. Nimekushukuru. Nimesoma barua yako mpaka chai ikapoa, nikaichemsha tena nikasoma upya, na sasa nitakusifu kidogo na kukugombeza zaidi kidogo, kwa hiyo kaa chini.

Kwanza, Load yako inaitwa. Inaitwa kila siku, mapema kuliko wewe. Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya barua halafu ukalipita kama mtu asiyesalimia majirani. Ujumbe wa NIMEFIKA ulitokea kabla ya salamu, na wewe ukafanya nini? Ukaubonyeza uondoke! Mwalimu mzima, mwanafunzi wako akinyoosha mkono akatoa jibu sahihi kabla hujauliza swali, utamwambia ni mabaki ya jana?

Sikiliza jinsi ilivyo. Katika Visual Basic, lugha ya programu ambayo kwa maelezo yako ndiyo unayotumia, ukigusa kitu chochote kilicho juu ya fomu, hata kama ni kuandika jina tu, fomu hiyo inaandaliwa papo hapo kimyakimya na Load yake inatokea, ingawa macho hayaioni. Wewe ulipoiagiza fomu ya salamu iandike jina la Mama juu ya fomu ya orodha, uliiamsha orodha. Ikaamka, ikaenda kusoma majina, ikakuta faili limefungwa kwa sababu wewe mwenyewe umesema halifunguliwi mpaka Marahaba. Ikarudi mikono mitupu. Halafu Mama anabonyeza Marahaba, faili linafunguka, fomu inaonyeshwa, lakini Load haitokei tena kwa sababu fomu ilishaandaliwa zamani, na mtu haamki mara mbili kabla hajalala. Ndiyo maana jina liko juu na chini ni weupe. Programu yako ya kwanza ilifungua faili mapema ndipo ikaita orodha, kwa hiyo ilijaa, na Nicodemo wako akailaumu salamu bure. Mwambie nimesema hivyo, na mwambie mkwe wake pia anastahili kuamkiwa.

Pili, hapa nimekasirika kweli. Ile amri ya kunyamazisha makosa. Najua uliiweka kwa upole, ili akina Agatha wasiogope Kiingereza. Lakini asubuhi ile ya Jumatano programu ilikuwa inajua kwamba imeshindwa kufungua faili, ilitaka kusema, na wewe ulikuwa umeiziba mdomo. Agatha akaona weupe akausoma kama habari njema. Angepata ujumbe wa kutisha wa Kiingereza angekwenda kumuuliza Mama, na mjukuu wa Qamara asingehitaji bahati. Iondoe amri hiyo. Kama Kiingereza kinatisha, andika kosa kwa Kiswahili: "Sijaweza kusoma majina, usiondoke, mwite mtu." Na orodha ikiwa tupu kwa haki, iseme kwa maneno kwamba imesoma na hakuna jina. Weupe peke yake usiuache kamwe.

Tatu, hayo majina ya kudumu ya kudanganyia sherehe, sitaki kuyasikia tena. Utasimama mbele ya mwanamke aliyekufuata kwenye tope kwa sababu jina lako halikusikika siku ile, umwonyeshe orodha ya uongo? Na Jumatatu yake Agatha akiamini majina hayo na kumwacha aliyekosa kweli, utamwandikia nani? Aibu ya Jumamosi ingepita, kwaya ingeimba tu na watu wangekula pilau yao. Futa wazo hilo leo.

Sasa fanya kazi. Amri za kusoma majina zitoe kwenye Load uziweke mahali pake peke yake, uzipe jina, sema JazaOrodha. Mama akibonyeza Marahaba, fungua faili kwanza, halafu andika jina lake juu ya fomu, halafu ita JazaOrodha, mwisho kabisa ndiyo uonyeshe fomu. Katika fomu ya salamu usiiguse fomu ya orodha kabla ya Marahaba hata kwa kidole. Umeona? Salamu inabaki. Ulipotengeneza utaratibu wa kwamba kazi haianzi salamu haijaitikiwa ulikuwa sawa kabisa, ila wewe mwenyewe ndiye uliyepenya dirishani kuianza kazi mapema.

Ukimaliza usiridhike kwa kuona majina yamejaa. Nenda Dirma kabla ya sherehe, mkalishe Agatha kwenye kompyuta na Mama Mectilda pembeni, mwombe Mama ataje watoto walioko kichwani mwake mmoja mmoja, Agatha awatafute kwenye orodha. Atakayetajwa na asiwepo, jua bado una kazi. Na fomu ya salamu iweze kubadilishwa jina, maana mwezi ujao atakayeketi pale ni Agatha. Anaweza kuwa mdogo kwako, lakini kwa wale watoto atakuwa ndiye anayewafuata. Mashine imwamkie naye.

Nimebakiza jambo moja, nalo siyo la kompyuta. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema ulimwambia Mama Mectilda asante. Hakuna. Umemwambia Mungu, umeniambia mimi, umeandika programu, umesafiri kwenye lori la mnadani kila Jumamosi, umeifundisha hata mashine kumwamkia, na yeye mwenyewe hujamwambia neno. Labda unaona aibu, labda unadhani anajua. Hata kama anajua, anatakiwa kulisikia kabla basi halijaondoka.

Kwa hiyo utakapofika Dirma, kompyuta usiiwashe kwanza. Mwamkie. Subiri aitikie marahaba. Halafu mwambie, "Mama, mimi ni yule mtoto wa Judica uliyembeba mgongoni siku ya tope, na ninaona vizuri." Akimaliza kulia, au wewe ukimaliza, ndipo uwashe mashine.

Mama Perpetua