Kijito Ndani ya Bwawa la Watoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Siyo sura ya bibi harusi kutoka kwenye picha ya simu, siyo kibao cha duka la viatu. Sakafu. Bwawa la watoto pale klabu ya kuogelea — lile dogo la nje, maji ya magotini. Wamelikausha, wamelipiga plasta upya, na meneja anataka kitu cha kuchangamsha. Alikuwa anafikiria pweza anayecheka. Nikamwambia pweza anayecheka yuko kila mahali, hata kwenye mikoba ya shule. Halafu mdomo wangu ukatangulia mbele ya akili, kama kawaida yake: nikasema nitamchorea sakafu ya kijito. Mawe, mchanga, majani yaliyozama. Mtoto akiingia ajione amesimama mtoni.

Meneja akanitazama kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari. Sawa, akasema, ila masharti mawili. Iwe na rangi nyepesi, maana mtoto akidondoka chini mwokoaji lazima amwone papo hapo. Na kamati isipoipenda, atapiga buluu tupu juu yake na maisha yataendelea. Buluu haijawahi kumletea matatizo.

Nimekubali yote. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa naongea peke yangu. Muuza magazeti amenipisha.

Jumanne, 4 Machi

Kijito chenyewe hakipo tena. Kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya uzio wa jirani. Wakakitia kwenye bomba la zege, wakajenga barabara juu yake. Picha hakuna hata moja. Nani angepiga picha ya maji siku zile? Picha zilikuwa za watu, na watu walivaa viatu kwanza.

Kwa hiyo kimebaki kwenye vichwa viwili tu: changu na cha mdogo wangu. Tulikuwa tunalala kifudifudi juu ya lile jiwe kubwa, pua inakaribia kugusa maji, mpaka mama aanze kuita kwa jina kamili. Nimempigia simu mdogo wangu. Alikuwa kibandani kwake, ananyoa mtu. Nikamuuliza jiwe lilikuwa la rangi gani. Jeusi, akasema. Jeusi! Nikamwambia lilikuwa la kijivu lenye wekundu kwa mbali. Akajibu kwamba tangu utotoni naona rangi ambazo hazipo, ndiyo maana mimi nikapewa brashi na yeye mashine ya kunyolea. Nikasikia mteja anacheka, kisha anauliza kama sikio lake bado lipo.

Hata kama ni kweli lilikuwa jeusi, siwezi kuweka jeusi. Kuhusu watoto meneja hajakosea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeanza. Rangi ya bwawa si rangi ya ukutani — nzito, inavuta, na harufu yake unaionja kwenye chai ya jioni. Nimejifunga vipande vya godoro magotini. Natembea kwa magoti kutwa nzima kama mtu anayeomba radhi.

Mtunza bwawa anakuja kuchungulia. Wote wanamwita Bwana Klorini, na ukikaa naye karibu hutauliza kwa nini. Leo ameniuliza kwa upole kama yale madoa nitayafuta mwenyewe au alete kitambaa. Ni mawe, nikasema. Akasema aaah. Akaendelea kuyatazama madoa.

Mume wangu amegundua kwamba vidole vyangu vya miguu vimekuwa vya kijani. Ameuliza kama inaambukiza.

Jumatano, 12 Machi

Siku njema! Mawe yamekaa mahali pake. Hata Bwana Klorini sasa anayaita mawe.

Mchana mdogo wangu amenitumia ujumbe wa sauti, mashine inanguruma nyuma yake. Amekumbuka mahali ambapo maji yalikuwa yanajikunja kwenye mzizi. Mchanga wa pale ulikuwa mweupe na laini kama unga, ukiukanyaga unapanda wote na miguu yako huioni tena. Nilikuwa nimesahau kabisa! Kabisa. Nimekaa chini kwenye bwawa kavu nikalia kidogo. Si kwa huzuni. Nilifurahi kurudishiwa kitu ambacho sikujua hata kwamba nilikipoteza.

Nimeuweka mchanga ule, pamoja na mzizi wake, kwenye kona ya ngazi, pale watoto watakapokanyaga kwanza.

Sasa kimebaki kitu kimoja. Mwanga. Ule wavu wa mwanga — ile mistari inayotetemeka chini jua likipiga maji. Tuseme ukweli, ndio tuliokuwa tunautazama. Mawe yalikuwa kisingizio tu. Kesho naanza wavu, na nina hofu tamu ambayo sijaisikia tangu nilipoanza kuchora nyuso za watu wanaotabasamu kwa amri.

Jumapili, 16 Machi

Nimeumaliza wavu!

Brashi ndogo kabisa, nyeupe yenye tone la njano. Shingo imekauka, mgongo haunyooki. Lakini acha nijisifu, hapa hakuna wa kunikataza: sijawahi kuchora kitu kizuri kama hiki. Ukisimama ngazini, sakafu kavu inaonekana imelowa. Bwana Klorini alipotaka kushuka alikunja suruali kwanza! Halafu akajishtukia, akaikunjua, akajifanya anajikuna goti.

Meneja bado hajaja kuangalia. Yuko ofisini, mapazia yamefungwa, taa inawaka mchana kweupe.

Kopo linasema rangi ikauke wiki nzima kabla ya kuguswa na maji. Sijui wiki hiyo nitaimalizaje.

Jumatatu, 24 Machi

Balaa.

Leo Bwana Klorini alifungua maji ili ajaribu kama bomba la chini linavuja. Jua kali, hakuna hata wingu la kusingizia. Nilikaa ukingoni nimevaa gauni safi, eti sherehe. Maji yakapanda, yakafunika mchanga, yakafunika mawe, na mwanga wa kweli ukashuka. Wavu wenyewe. Unakwenda, unarudi, unakatika, unaungana — juu ya wavu wangu, ambao hauendi popote. Mistari yangu ikafa palepale. Nilikuwa naitazama. Ikawa nyufa. Sakafu nzima, nyufa nyeupe!

Meneja alitoka ofisini mbio, tai begani. Limepasuka, anapiga kelele, plasta mpya na limepasuka! Akamwamuru Bwana Klorini afunge maji, amwite fundi, fundi atamtambua leo. Ikabidi nifungue mdomo. Nikasema si nyufa. Ni mwanga. Nimeuchora mimi.

Akatazama juu, akatazama chini. Halafu akaniuliza, wala si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi:

"Kwa hiyo, mama, umechora mwanga wa jua… chini ya maji… juani?"

Ndiyo. Ndivyo nilivyofanya. Miaka yote nachora kwenye karatasi na kuta, na huko mwanga haufiki mpaka niupeleke mimi. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba safari hii jua litakuja lenyewe.

Amesema basi. Buluu. Keshokutwa.

Jumanne, 25 Machi

Nimeamka na hasira, na zote ni zangu mwenyewe. Nikanywa chai nimesimama. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwake kabla ujasiri haujapoa.

Nikamwambia nitaukwangua wavu wote. Nitabakiza mawe, mchanga na majani. Kisha ajaze maji, aone, ndipo aamue. Akasema maji si ya kuchezea, hawezi kujaza na kumwaga kama anasuuza glasi. Nikamwambia hata akitaka buluu, ile mistari lazima ikwanguliwe, la sivyo itaonekana chini yake. Hapo akafikiri. (Sina hakika kama ni kweli. Nadhani ni kweli.)

Tumeafikiana hivi: atajaza mara moja tu, Jumamosi ya wiki ijayo, siku ambayo mwenyekiti wa kamati atakuja kukagua. Nikauliza saa ngapi. Jioni, akitoka kwenye shughuli zake. Nikamwambia jioni ukuta wa vyumba vya kubadilishia nguo unatupa kivuli bwawa zima. Akasema bwawa ni bwawa, asubuhi na jioni. Makopo ya buluu tayari yamepangwa mlangoni kwake. Nimejikwaa kwenye moja wakati natoka.

Alhamisi, 27 Machi

Mdogo wangu amekuja! Amefunga kibanda, ameandika mlangoni kwamba amepata dharura ya kifamilia. Nikamuuliza dharura gani. Akasema dada yake amezeeka na bado anagombana na jua.

Tumekwangua kutwa nzima. Msasa mkononi, vitambaa puani. Yeye anasema hii ndiyo fani yake, kuondoa kilichozidi. Lakini kuna mahali alisimama. Mstari mmoja karibu na mzizi, mwembamba, niliouvuta kwa pumzi moja. Akasema dada, huu umetulia, huu tuuache. Nikamwambia huo ndio wa kwanza kutoka. Nikauondoa mwenyewe. Uliniuma kweli, nisijidanganye. Vumbi jeupe likatujaa kwenye nyusi, na kazi yangu nzuri kuliko zote ikaingia kwenye ndoo.

Baadaye akapitisha kitambaa chenye maji juu ya jiwe kubwa ili kuondoa vumbi. Likaiva, likawa jeusi-jeusi. Akaruka! Si hilo hapo, akasema, nilikuambia nini, jeusi! Likakauka kidogo, wekundu ukarudi. Tukabaki tunatazamana. Yeye alikuwa analikumbuka likiwa limelowa, mimi likiwa kavu. Tumebishana miaka yote hii na wote tulikuwa sahihi. Tumecheka mpaka Bwana Klorini akaja kuuliza kama tumevuta sana ile rangi.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeziba makwaruzo, nimegusagusa kingo za mawe. Basi.

Ni mbaya. Sakafu imepooza, mawe yanaonekana mapumbavu, kama viazi vilivyosahaulika stoo. Mkono unaniwasha. Kivuli kidogo tu hapa, mng'ao kidogo pale… Nilikuwa nimeshachovya brashi. Mdogo wangu akanishika kiwiko. Hakusema kitu cha busara. Amesema tu "Wee!", kama tunavyomkemea paka mezani.

Nimeiosha brashi. Nimeificha kwake, kwenye mfuko wa koti lake, na ameondoka nayo.

Jumatano, 2 Aprili

Inakauka. Na mimi nakauka.

Nimeota nimechora pweza.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika nikiwa hapahapa ukingoni, karatasi juu ya goti. Lazima nishike kitu mkononi la sivyo nitakula kucha.

Asubuhi tulivu. Bwana Klorini amefungua maji mapema, anasema anataka yatulie kabla mwenyekiti hajafika hiyo jioni. Nadhani amenifanyia hisani na hataki nimshukuru. Mdogo wangu yupo, amekaa kwenye ngazi, ameleta maandazi na hajayagusa.

Meneja amesimama upande wa pili, mikono nyuma. Makopo ya buluu yako palepale mlangoni.

Maji yamefika kwenye kifundo cha mguu. Hakuna kitu. Wingu limekaa juu yetu, pana, halina haraka. Mawe yamelala chini, yameiva rangi kidogo, ndiyo, lakini yamelala. Meneja amezamisha taulo la kahawia, kubwa kama mtoto mdogo, kujaribu kama litaonekana. Linaonekana vizuri kila mahali, hata juu ya jiwe kubwa. Ametikisa kichwa kuafiki. Hilo limepita. Halafu ameangalia makopo. Nimemwona.

Nimejiambia: hata ikishindikana, mchanga ule wa kwenye mzizi nimeshaupata tena. Hawawezi kuupiga buluu ndani ya kichwa changu. Nimejiambia hivyo na sijaamini hata nusu. Nataka ibaki. Naitaka kwa moyo wote, watoto waikanyage.

Maji katikati ya muundi sasa. Wingu linasogea. Linasogea —

Jua!

Limeingia kwa upande wa lango, likashuka mpaka chini kabisa. Hakuna changu cha kulizuia. Wavu unapita juu ya mawe yangu na mawe yanaupokea, yanatikisika, mchanga unatembea, jani moja nililolichora kwa haraka tu linaelekea kutaka kuondoka. Ni kijito. Mungu wangu, ni kijito! Bwana Klorini ameacha koki nusu wazi, amekuja kusimama karibu nami. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, amenyamaza. Macho yake mekundu. Nimemwambia ni klorini. Amesema ndiyo, ni klorini.

Meneja amezunguka bwawa taratibu, kona hadi kona. Ametoa simu. Amesogea pembeni lakini sauti inatufikia. Anamwambia mwenyekiti asingoje jioni, aje sasa hivi. Nadhani mwenyekiti ameuliza kuna tatizo gani, maana meneja amejibu hapana, hakuna tatizo, ni jua tu, mheshimiwa, jua lipo sasa hivi na haliwezi kusubiri. Anasikiliza. Kwa mguu mmoja amevua kiatu cha mguu wa pili. Kilichobaki kamba yake imekaza, anahangaika nayo kwa mkono mmoja, simu ameibana kwa bega —